Zawadi Ifike, Anwani Ibaki

Malori ya taka yakishapita Utange huja kumwaga kwetu Mwakirunge. Tangu jaa la Kibarani lifungwe mwaka 2018, mzigo mkubwa wa uchafu wa Mombasa umehamia huku, na ndani yake naona kitu kinachozidi mwaka hadi mwaka: maboksi ya bidhaa zilizonunuliwa mtandaoni. Wanaookota na kuuza makaratasi huyakunjua, huyapanga na kuyafunga kamba yangoje kupimwa. Siku moja nilisimama kando ya rundo kama hilo. Boksi la juu lilikuwa bado na stika yake, haijachanika hata pembe. Jina la mwanamke, majina yote mawili. Nambari yake ya simu. Mtaa wake. Chini, maelezo aliyoandikiwa mwendesha bodaboda: nyumba ya tatu baada ya msikiti, geti la kijani, hakuna mbwa.

Ubavuni mwa boksi ulikuwa umebaki utepe mwekundu. Ilikuwa zawadi. Mtu alitaka kumfurahisha mwenzake, na mwenzake akaachwa na anwani yake imeanikwa jaani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayenunua mtandaoni na unayetaka kumtumia mnunuzi mwenzako kitu asichokitarajia. Pengine mko kundi moja la WhatsApp mnaloagizia pamoja. Pengine ni mama mnayekutana naye kila Ijumaa kwenye laivu ya mitumba, hujawahi kumwona uso. Pengine humjui kabisa, ila ulimwona ameiacha nguo aliyoipenda kwa kupungukiwa na pesa. Naipenda mno desturi hii iliyozuka miongoni mwa wanunuzi. Watu wasiojuana wanatendeana wema bila kungoja shukrani. Nataka iendelee, na kwa hiyo naanza na ombi moja: usimuulize mtu anakaa wapi.

KWA NINI USIULIZE

Nambari ya simu kwetu inabeba mengi. Ukiiingiza kwenye M-Pesa kama anayetaka kutuma pesa, jina la mwenyewe hutokea. Jambo hilo limetuokoa wengi tusitume fedha kwa mtu siye. Lakini maana yake ni kwamba aliyepata nambari amepata na jina, na mwenye jina huenda Facebook akapata picha, kazi, na sare ya shule ya watoto. Stika moja ya boksi inatosha kuanza safari yote hiyo.

Halafu nyumba zetu hazina nambari. Mahali penye majina ya barabara na nambari za milango, mtu hutaja mstari mmoja mzigo ukafika. Sisi tunasimulia: ukishuka hapa uliza kwa fulani, pita mwembe, utaona duka, mimi niko nyuma yake, ukija baada ya saa kumi utamkuta dada. Ili mzigo ufike, mpokeaji analazimika kutaja majirani wake, saa anazokuwa nyumbani na nani humfungulia mlango. Maelezo ya njia ya Mwakirunge humfichua mtu kuliko anwani yoyote ya London.

Na liko la tatu, ambalo nimelitenda mimi mwenyewe. Nilimwagizia mwenzetu wa kundi leso na chupa ya marashi, bila kutaja jina langu. Nilijiona nimefanya jambo jema. Mwendesha pikipiki akampigia saa mbili usiku: "Mama, uko wapi? Nina mzigo wako, umelipiwa na mtu." Simu ile ilipokelewa mbele ya mume. "Mtu gani?" Hakuwa na jibu, kwa sababu kweli hakujua. Ilibidi wazee wa pande zote mbili wakae, nami nikaenda kujieleza, risiti mkononi. Yule dada alinisamehe. Leso ile hakuivaa hata mara moja.

Tangu siku hiyo nashika kanuni moja: siri iwe ya mtoaji, wala isiwe mtego kwa mpokeaji. Yeye ajue kwamba kuna kitu kinakuja, kinapitia wapi, na kwamba anaweza kukikataa. Asichokijua ni nani ametoa na ndani mna nini. Hicho kinatosha kumfurahisha.

MTAFUTENI MSHENGA

Pwani hatukosi mfano. Posa haipelekwi na mwenye kuoa; hupelekwa na mshenga. Mshenga anazijua nyumba zote mbili na kila upande anauambia yaupasayo tu. Zawadi ya siri yataka mtu wa namna hiyo hiyo, na maarifa yagawanywe hivi:

• Mtoaji anajua zawadi aliyonunua, na jina la kupanga, vipimo na vipendwavyo vya mpokeaji. Basi.
• Mpokeaji anajua kituo cha kuchukulia na neno la siri.
• Muuzaji na mchukuzi wanajua jina na simu ya mshenga peke yake.
• Mshenga anaunganisha, kisha anafuta.

Mshenga mzuri ni mtu mzima mwenye mahali pa kudumu panapojulikana na wote: mwenye duka, wakala wa M-Pesa, fundi cherehani. Watu huingia na kutoka dukani siku nzima, kwa hiyo anayekuja kuchukua kifurushi hatazamwi mara mbili. Msimchague admini wa kundi kwa sababu tu ni admini. Mchagueni aliyekwisha kuaminiwa na pesa za watu zikarudi sawa. Na mumlipe. Mtu anayehifadhi mizigo ishirini nyuma ya kaunta amefanya kazi, hata kama atasema hapana, si kitu.

Mtindo huu si mgeni. Wazazi wetu wengi walipata barua kupitia sanduku la posta la shule, la kanisa au la mwajiri. Aliyeandika kutoka Nairobi au Maskati alijua sanduku. Mlango hakuujua, na barua ilifika. Posta bado ipo, na mtu mwenye sanduku lake Bamburi, msimbo 80101, ana anwani isiyomwonyesha mtu njia ya kwake. Linganisha na duara la zawadi la mtandaoni la Reddit Gifts lililoanza Marekani mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Humo watu walipangiwa wasiowajua, wakapewa anwani za kuwatumia vifurushi, na kwa wengi anwani hiyo ilikuwa ya nyumbani. Watu wengi waliburudika nalo. Lakini kila mshiriki wa namna hiyo alikuwa akimwonyesha mgeni mlango wake, na sisi hatulazimiki kufanya hivyo.

HATUA ZA DUARA LA ZAWADI

Duara ni kundi ambalo kila mmoja hutoa zawadi moja ya siri na kupokea moja. Huu ni utaratibu wa kundi la watu sita hadi ishirini. Zaidi ya hapo mshenga atachoka na makosa yataingia. Gawaneni makundi mawili. Anzeni wiki tatu kabla ya sikukuu, iwe Idi au Krismasi, maana siku za mwisho ofisi za parseli hufurika.

1. Ombeni ridhaa, mmoja mmoja. Mshenga amwandikie kila mtu faraghani, wala si kwenye kundi. Anayekataa mbele ya watu huonekana bahili, na kwa aibu hiyo wengi husema ndiyo wasiyoitaka. Asiyejibu asihesabiwe.

2. Wekeni kiwango cha pesa, cha chini na cha juu. Sema shilingi 500 hadi 800, nauli ya mzigo mbali. Asiyekuwa nacho mwezi huu apumzike, aingie zamu ijayo.

3. Kila mtu achague jina la kupanga. Sisi tunatumia maua: Asmini, Kilua, Langilangi, Mkadi, Rehani, Afu. Jina la utani linalojulikana mtaani halifai, wala la mtoto wako wa kwanza.

4. Kila mtu amtumie mshenga fomu fupi (iko hapo chini).

5. Mshenga apige kura. Njia isiyokosea ni hii. Andika majina kwenye vikaratasi, vichanganye, vipange mstari mmoja. Kila jina litoe kwa lililo chini yake, na la mwisho litoe kwa la kwanza. Kwa mfano: Mkadi kwa Afu, Afu kwa Kilua, Kilua kwa Asmini, Asmini kwa Rehani, Rehani kwa Langilangi, Langilangi kwa Mkadi. Hakuna anayejiangukia mwenyewe, hakuna anayekosa, na hakuna wawili wanaopeana wao kwa wao wakagunduana.

6. Mshenga amwandikie kila mtoaji faraghani: jina la kupanga la mpokeaji wake, vipimo na vipendwavyo. Asimpelekee fomu yenyewe wala picha ya mazungumzo.

7. Mtoaji anunue. Kwenye sehemu ya anwani aandike jina la mshenga, simu ya mshenga, duka la mshenga. Sehemu ya maelezo ya mwendesha pikipiki aandike "Acha dukani" na asiongeze kitu.

8. Mzigo ukifika kwa mshenga, atoe kifungashio cha nje. Humo mara nyingi mna risiti yenye jina la mlipaji na bei, na maduara mengi hufichuka hapo hapo. Aufunge upya kwa karatasi tupu na kuandika jina la ua tu.

9. Mpokeaji aje na neno lake la siri. Mshenga asimwite kwa sauti "Kilua, mzigo wako!" dukani kumejaa watu. Aliyetuma mtoto amchukulie ampe mtoto lile neno, kitambulisho hakihitajiki.

10. Siku saba baada ya kifurushi cha mwisho, mshenga afute fomu, afute mazungumzo, achane vikaratasi vya kura, kisha aliandikie kundi kwamba amefuta.

Hatua ya 10 ndiyo inayorukwa kuliko zote. Sherehe imekwisha, simu imejaa picha, nani ana haja? Lakini simu huibwa, huuzwa, hupelekwa kwa fundi. Orodha ya wanawake ishirini, majina yao ya kweli na vituo vyao, haifai kubaki katika simu ya mtu mwaka mzima.

KISANDUKU: FOMU YA MSHIRIKI

Andika: jina la kupanga, saizi ya nguo na kiatu, vitu vitatu unavyovipenda, usichoweza kula, kupaka au kunusa, kituo unachoweza kufika kwa urahisi, neno la siri.

Usiandike: nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kazi, majina ya watoto, nambari ya nyumba au ploti, saa unazokuwa peke yako.

Mshenga akikuuliza lolote katika orodha ya pili, muulize la nini. Kama hana jibu, usimpe.

MALIPO

Pesa ndizo zinazotoboa siri upesi. Ukimtumia mtu M-Pesa, ujumbe anaoupata una jina lako. Ukimlipa muuzaji kwa simu yake binafsi, naye anakujua, na mpokeaji akimuuliza "Nani alinilipia?" muuzaji mkarimu atakutaja bila ubaya wowote.

Lipa kwa nambari ya Till ya duka inapowezekana. Inampa muuzaji machache juu yako kuliko kumtumia kwa nambari yake, na wewe unaona jina la biashara kabla pesa hazijatoka. Jina likiwa la ajabu, simama. Kama muuzaji hana Till, mpelekee mshenga fedha, yeye alipe. Muuzaji amwone mshenga mmoja tu akinunua vitu sita.

Umekosea nambari? Usimpigie uliyemtumia ukaanza kumweleza habari za zawadi. Ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo upeleke kwa 456 mara moja, uombe pesa zirudishwe.

Usitume skrinishoti ya malipo kwenye kundi kuthibitisha kwamba umelipa. Ina jina la uliyemlipa, ina saa, na mara nyingi ina salio lako. Mwandikie mshenga: "Asmini amelipa." Yeye ataona kwake.

KUMLIPIA MNUNUZI USIYEMJUA

Njia hii naipenda zaidi ya duara, kwa sababu haihitaji kundi wala maandalizi. Uko kwenye laivu, muuzaji ameshika gauni, mama mmoja ameandika "nitachukua" kisha baada ya dakika chache "mwezi huu siwezi, mpe mwingine." Unataka gauni lile liende kwake.

Tayari mshenga yupo: muuzaji. Yeye ndiye mwenye mawasiliano ya mama yule. Wewe huhitaji hata herufi moja ya anwani. Fanya hivi:

Mwandikie muuzaji faraghani, wala si kwenye maoni yanayosomwa na wote. Mwambie: "Lile gauni la bluu alilolikosa mteja wako wa sasa hivi, nataka kumlipia. Usinipe nambari yake. Muulize kwanza kama atapokea. Akikubali niambie bei na nauli." Kisha subiri. Mama akikataa, shukuru na uache. Watu wana sababu zao, na pengine mumewe ameshamwagizia jingine. Akikubali, lipa, na umwombe muuzaji aandike kwenye kifurushi "Kutoka kwa mnunuzi mwenzako", bila zaidi.

Muuzaji asitangaze kwenye laivu, hata kwa nia njema ya kukusifu. Akitangaza, amewaambia watu mia kwamba mama yule hakuwa na pesa. Mwombe mapema anyamaze, na uombe kwa upole, kwa sababu kwake hiyo ni habari nzuri ya kuvutia wateja, na anaweza asione madhara yake.

Kosa jingine la hapa: kumfuata mpokeaji baadaye. Umemlipia, unatamani kuona kama limemkaa vizuri, unampigia muuzaji akupe simu yake "nimsalimie tu." Acha. Hasa kama wewe ni mwanamume na yeye ni mwanamke. Zawadi iliyofuatwa na simu huonekana bei ya kitu fulani.

ZAWADI ZENYE ULIMI

Kabla hujanunua leso, isome. Kila leso ina jina lake, na leso bila jina la mtoaji husomwa kwa kila tafsiri. Maneno ya kumpiga kijembe mke mwenza au jirani mwenye wivu, yakitoka kwa mtu asiyejulikana, humfanya mpokeaji aanze kuwachunguza majirani mmoja mmoja. Chagua dua, heri, au upendo wa mama.

Marashi, udi na nguo za ndani visitumwe kwa siri kwa mtu mwenye mume au mke. Nimekwisha kukueleza kilichonipata. Vyakula vinavyoharibika visipitie kwa mshenga; boksi la mikate ya mofa haliwezi kulala dukani siku mbili kwa joto la Machi. Sabuni, vyombo, vitabu vya watoto, mbegu za bustani, taa ya sola, kikapu cha mkaa wa kuchomea ubani: hivi vinapokelewa popote bila maswali.

KUTOKA NG'AMBO

Jamaa aliye Jeddah, Dubai au Leicester akitaka kuingia katika duara, njia rahisi ni atume pesa kwa mshenga, zawadi inunuliwe hapa hapa. Mzigo ukitoka nje unaweza kudaiwa ushuru ukifika, na anayedaiwa ni mpokeaji; siri imekwisha na gharama imemwangukia.

Wapo wanaotumia orodha za matamanio za maduka makubwa kama Amazon, ambapo mtu huweka vitu avitakavyo na yeyote akaweza kumnunulia bila kuona anwani kamili. Ni jambo zuri, ila lina tundu. Bidhaa ikiuzwa na muuzaji mwingine ndani ya duka hilo, yeye huhitaji anwani ili aifikishe, na taarifa za safari ya mzigo zinaweza kumfikia mlipaji. Ukifungua orodha kama hiyo, weka anwani ya sanduku la posta au ya wakala, na jina la kupanga.

TAHADHARI: MATAPELI WANAIPENDA ZAWADI

Desturi ikienea, waovu huivaa. Jihadhari na haya:

• "Umetumiwa zawadi, iko uwanja wa ndege, lipa ada ya kuikomboa." Zawadi ya duara haidai pesa kwa mpokeaji. Usilipe hata shilingi 50.
• "Tuma nambari uliyopata kwa SMS tuthibitishe mzigo wako." Nambari hiyo ni ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp au ya benki. Neno la siri la duara ulilichagua wewe. Haliji kwa SMS.
• "Nitumie picha ya kitambulisho, pande zote mbili." Hapana.
• Duara linalokuahidi kwamba ukitoa zawadi moja utapokea sita au kumi. Huo ni upatu wa ulaghai uliofungwa karatasi ya maua. Katika duara la kweli unatoa moja, unapokea moja.

Nambari ya tapeli wa M-Pesa unaweza kuiripoti Safaricom kwa SMS kwenda 333.

UKIPOKEA USICHOKITARAJIA

Kifurushi kimekujia nawe hukuridhia duara lolote. Muulize kwanza aliyekileta jina la aliyekituma na ofisi iliyokipokea. Ukiona mashaka, kikatae. Huna wajibu wa kukipokea. Wapo wauzaji wa nje wanaotuma vitu vidogo kwa majina ya watu waliyoyapata kwingine, kisha wakaandika sifa za bidhaa zao kana kwamba ni wewe umenunua na umependezwa. Mwaka 2020 watu wengi Marekani walipokea pakiti za mbegu wasizoziagiza, na maelezo yaliyotolewa zaidi yalikuwa hayo. Ukikuta ndani karatasi yenye mraba wa kuchanganuliwa kwa kamera ya simu "ili umjue aliyekutumia", usiuchanganue. Badilisha nywila za akaunti zako za ununuzi, maana jina na anwani yako vimekwisha kuwa mikononi mwa mtu.

KISANDUKU: SHERIA INAKUSIMAMIA WAPI

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaeleza namna ya kuitumia. Watu wanaoshughulikia taarifa kwa mambo yao binafsi na ya nyumbani tu hawabanwi nayo, kwa hiyo duara la marafiki halihitaji kujisajili popote. Lakini muuzaji, duka la mtandaoni na kampuni ya kuchukua mizigo wanabanwa. Unaweza kuwauliza wana taarifa gani zako, kuwataka wazisahihishe, na kuwataka wazifute zisipohitajika tena.

Wakikupuuza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo ina meno: mwezi wa Septemba 2023 ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 kwa klabu ya Casa Vera ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shilingi 4,550,000 kwa shule ya Roma ya Uthiru kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ridhaa ya wazazi. Mkumbushe hilo muuzaji anayetaka kukurekodi ukifungua zawadi yako.

PICHA

Kupiga picha ya furaha si kosa. Piga, lakini tazama kilicho nyuma ya kifurushi. Stika imeonekana? Mtoto amevaa sare? Mlangoni mna alama inayotambulika? Weka zawadi juu ya mkeka, piga kutoka juu, mkeka ujaze picha yote. Mtumie mshenga, naye aiweke kwenye kundi. Ukiiweka mwenyewe, jina lako la ua limekwisha kazi, kwa kuwa katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona nambari ya mwenzake.

Mkielekezana njia, msitumiane alama ya ramani ya nyumbani. Alama iwe ya duka la mshenga, na ile ya kufuata mwendo wa mtu moja kwa moja isiwashwe kabisa.

STIKA

Nimerudi nilikoanzia. Boksi likishaondoka kwako, litapita mikono mingi kabla ya kufika huku Mwakirunge, na kila mkono una macho. Kuchora kwa kalamu juu ya jina hakusaidii sana. Ukiielekeza karatasi kwenye mwanga, maandishi husomeka. Fanya moja kati ya haya:

1. Ibandue yote, na ile ya pili ya chini yake. Vifurushi vingi vina mbili: ya muuzaji na ya mchukuzi.
2. Kama ni ya karatasi, iloweke kwenye maji ya kufulia hadi iwe uji.
3. Kama ni ya plastiki, ikate kwa mkasi; kata jina, kata simu, kata na ile mistari myeusi, maana ina nambari ya mzigo inayoweza kumrudisha mtu kwenye taarifa zako.
4. Stika nyingi za mizigo huchapwa kwa joto. Weka kitambaa juu, pitisha pasi ya moto, karatasi itageuka nyeusi yote na maandishi yatamezwa.

KABLA MZIGO HAUJAONDOKA

☐ Mpokeaji ameridhia kupokea.
☐ Sina anwani yake, na sikuiomba.
☐ Jina na simu kwenye oda ni vya mshenga.
☐ Nimelipa kwa Till, au kupitia kwa mshenga.
☐ Nimeisoma leso.
☐ Risiti haimo ndani.
☐ Mshenga anajua tarehe ya kufuta.
☐ Nikipokea yangu: nitabandua stika, nitalikunjua boksi, nitaliweka mbali na maji machafu. Boksi kavu lisilo na gundi ya plastiki hununuliwa, na wanaoliokota huku kwetu watapata kitu cha kupeleka kwenye mizani.